Sarafu ya Mama na Peni ya Mfalme



Majuma haya tumeulizwa sana juu ya sarafu za zamani. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa na sarafu aliyoachiwa na mama mkwe wake, ya rangi ya njano, yenye pembe sita na picha ya tembo. Mgeni mmoja akamwambia ni dhahabu, na kwamba Wazungu wangeinunua kwa dola elfu kumi, lakini kwanza alipe dola 60 za kutengeneza karatasi. Mama akauza mbuzi wake. Mgeni hajaonekana tena.

Tuseme wazi, wapendwa. Sarafu ile ni franka mbili za Kongo ya Wabelgiji, za mwaka 1943. Ni shaba iliyochanganywa, si dhahabu, nazo zilitengenezwa nyingi sana. Uzee peke yake haufanyi kitu kuwa cha bei.

Lakini mtauliza: mbona tunasikia sarafu nyingine zinauzwa kwa pesa za kutisha? Ni kweli, zipo. Mwaka 1257 mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza alitoa peni ya dhahabu yenye sura yake. Akaamuru ihesabiwe sawa na peni 20 za feza. Kumbe dhahabu iliyokuwa ndani ilikuwa na bei kuliko hizo 20! Ndugu zetu wanaochimba kule Kamituga na Misisi wamekwisha kuelewa kilichofuata: watu waliziyeyusha. Sura ya mfalme ikaingia motoni, watu wakabaki na uzito. Ndiyo sababu leo zinajulikana nane hivi tu. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alitoa sarafu za dhahabu miaka mia saba hivi iliyopita. Wataalamu walipoandika habari zake mwaka 1991 walikuwa na tatu tu.

Mwaka 2021 mtu mmoja aliokota peni moja ya Henry shambani, huko Devon, akitumia chombo cha kutafutia vyuma. Mwenyewe hakujua ameokota nini, mpaka mtaalamu alipoona picha yake. Januari 2022 ikauzwa mnadani kwa pauni 648,000, pamoja na ada. Angalieni vizuri hapo: wenye mnada hukata ada yao siku ya kuuza. Hawaji mlangoni kumwomba mjane auze mbuzi kwanza.

Tena tulisoma Luka 15, habari ya mwanamke aliyepoteza kipande kimoja cha feza kati ya kumi. Kipande kile hakikuwa adimu hata kidogo. Tisa za kufanana nacho zilikuwa mkononi mwake. Aliwasha taa na kufagia nyumba kwa sababu kilikuwa chake. Jambo hilo sisi wahubiri tumelipita haraka mara nyingi.

Jumapili tulimtembelea yule mama. Aliona haya, alidhani tumekuja kumkemea. Tukamwomba atuonyeshe sarafu. Akafungua kitambaa, akaisugua kwa kidole, akatueleza jinsi mama mkwe wake alivyoificha ndani ya unga wakati wa vita, wakikimbilia ng'ambo ya Ruzizi. Vijana wa kwaya wamechanga kidogo. Mbuzi mmoja atapatikana kabla ya mwezi kwisha.