Asili ya Halloween na Msimamo wa Muislamu

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu. Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, ndugu zetu wanaoishi Uingereza, Marekani na Kanada huulizwa na watoto wao: wenzetu shuleni wanavaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, mbona sisi hatuendi? Mzazi akijibu "haramu" kisha akanyamaza, mtoto naye atanyamaza, ilhali hakuelewa. Hivyo hatuna budi kuijua asili ya jambo hili.

Chimbuko lake ni Ireland na Scotland, kwa watu waitwao Waselti. Mwisho wa msimu wa kiangazi waliirudisha mifugo kutoka malishoni, wakachinja ya akiba, na wakawasha mioto mikubwa. Sherehe hiyo iliitwa Samhain. Waliihesabu siku kuanzia machweo, kama tufanyavyo sisi, kwa hiyo ilianza usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba. Hadithi kongwe za Ireland zaeleza kuwa usiku huo mlango baina ya walio hai na viumbe wa ulimwengu mwingine huwa wazi.

Kanisa nalo lilikuwa na sikukuu yake ya Watakatifu Wote. Mwaka 835, zama za Papa Gregory IV, sikukuu hiyo ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika dola ya Wafranki. Karibu na mwaka 1000, Abati Odilo wa Cluny, Ufaransa, akaifanya tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu. Wanahistoria wanahitilafiana iwapo tarehe hizo zilichaguliwa makusudi ili kuifunika Samhain. Lililo wazi ni kwamba mambo hayo yalikutana. Jina Halloween lina maana ya mkesha wa Watakatifu, lakini mioto, vinyago na hofu ya mizimu vilibakia. Njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliwapeleka Waairishi wengi Marekani. Kwao walikuwa wakichonga sura za kutisha kwenye mboga za mizizi. Huko wakakuta maboga.

Hapa pana tahadhari, ndugu zangu. Wapo wahadhiri wasemao kuwa Samhain ni jina la mungu wa mauti. Hilo si sahihi. Ni jina la majira, na hadi leo katika Kiairishi ndilo jina la mwezi wa Novemba. Elimu ni amana. Tukiongeza chumvi, kijana atafungua kitabu, atalikuta kosa letu, na hata la haki tulilosema ataliacha.

Wapo watakaosema: "Leo ni mchezo tu, hakuna anayeabudu mizimu." Ni kweli kuwa wengi wanacheza. Lakini Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta wenyeji wana siku mbili walizokuwa wakizichezea tangu zama za ujahiliya. Hawakumwambia kuwa wanaabudu. Walimwambia kuwa wanacheza. Pamoja na hayo, kama alivyopokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), aliwafahamisha kuwa Allah amewabadilishia siku hizo kwa zilizo bora kuliko hizo: Idd el-Adh-ha na Idd el-Fitr. Aidha, itikadi yetu ni kuwa roho za maiti zimo katika barzakh, hazizunguki milangoni mwa watu.

Zingatieni kuwa Mtume (s.a.w.) hakuondoa tu, bali alibadilisha. Je, sisi tumewapa nini watoto wetu? Idd zetu nyingi ni pilau, kisha baba analala. Mtoto hana nguo mpya, hana matembezi, hana zawadi. Atashindwaje kutamani ya jirani?

Kwa hiyo mzazi azungumze na mwalimu kwa adabu kabla ya siku hiyo. Watoto wa jirani wakibisha hodi wasitukanwe, kwani wapo hata Wakristo wasioisherehekea Halloween, na hatukuamrishwa ujeuri. Na Idd ikija, ipambwe mpaka mtoto aisubiri kwa hamu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuhifadhie vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.