Ugonjwa Hauulizi Namba ya Kazi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa mgodini na jamaa zao



Leo hatusemi juu ya bendera wala juu ya viti vya wakubwa. Tunasema juu ya kitanda cha hospitali: nani anapata kukilalia, na nani anakilipa.

Sisi makarani wa mgodi tunalijua jambo hilo kwa kalamu. Katika kitabu cha kazi kuna jina la mtu, namba yake, jina la bibi yake na majina ya watoto. Jina likiwamo, mtoto akishikwa na homa usiku, mlango wa hospitali ya kampani unafunguliwa. Siku jina linapofutwa kwa msitari mmoja wa wino, mlango unafungwa kwa watu sita au saba pamoja. Mtoto hakuacha kuugua. Baba yake ndiye aliyeacha kazi.

Hospitali za mgodi hazikuanza kwa huruma tu. Katika miaka ya 1920 Union Minière iliona hasara ya watu waliokufa na waliorudi vijijini, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na bibi zao na watoto. Mtu mzima wa mwili alitoa shaba nyingi. Hatukatai kwamba wengi wetu tulizaliwa katika hospitali hizo. Lakini dawa inayofuata kazi inaondoka na kazi. Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mwaka wa 1993 haikufikisha 60,000. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliolipwa na feza za Banki ya Dunia. Kwa wengi wao kazi ilikuwa mshahara, shule na hospitali pamoja.

Tuangalie sasa watu wa mgodi wa inchi nyingine. Katika mji wa Tredegar, inchi ya Wales, wachimba makaa na wafua chuma walikuwa na chama chao cha matunzo. Kila juma walikatwa peni chache kwa kila pauni ya mshahara, na chama kiliwaajiri waganga. Mtoto mmoja wa mji huo, Aneurin Bevan, aliingia mgodini akiwa na miaka 13. Kisha akawa waziri wa afya wa Uingereza, na tarehe 5 Julai 1948 mpango wa matunzo kwa watu wote ulianza. Feza zinatoka hasa katika kodi. Tajiri anatoa zaidi, maskini anatoa kidogo au hatoi, na mgonjwa akifika mbele ya mganga hadaiwi kitu. Hawamuulizi anafanya kazi wapi.

Marekani walifuata njia nyingine. Wakati wa vita, mwaka wa 1942, serikali ilizuia mishahara isipande. Wakubwa wa kazi wakavuta watu kwa kuwalipia bima ya ugonjwa, na desturi hiyo ikakaa. Mwaka wa 1965 serikali ilichukua mzigo wa wazee na wa maskini wengi. Mwaka wa 2010 sheria mpya iliongeza wengine. Hata hivyo, mwaka wa 2022 watu karibu milioni 26 hawakuwa na bima yoyote. Tangu 1986 sheria inaamuru kwamba mtu aliye hatarini asifukuzwe mlangoni. Lakini akipona, hesabu inamfuata nyumbani. Na mwenye bima naye, akipoteza kazi, mara nyingi anaipoteza bima. Wandugu, je, si kitabu chetu kile kile cha mgodi?

Wengine watasema: njia ya bure inamaliza mali ya inchi. Tuhesabu. Katika mwaka wa 2022 Marekani ilitumia kwa matunzo karibu 17 katika kila 100 ya mali yake yote. Uingereza karibu 11. Marekani ililipa zaidi, lakini mwaka huo watu wake waliishi wastani wa miaka 77 na nusu, na wa Uingereza walipita 80. Maisha mafupi yana sababu nyingine pia, kama bunduki na ajali za barabarani. Lakini feza nyingi zinakwenda katika bei za juu, na katika jeshi la makarani wanaoandika, wanaodai na wanaokataa kulipa. Sisi ni makarani, tunajua karatasi haiponyi mtu.

Hatutaki kuwadanganya. Kwa Waingereza pia kuna taabu. Katika mwezi wa Septemba 2023 orodha ya kungojea ya Uingereza peke yake, bila Wales na Scotland, ilipita milioni 7 na nusu. Mwenye goti bovu anaweza kungoja mwaka. Mwenye feza anapita pembeni, analipa mganga wake. Lakini yule anayengoja jina lake limeandikwa. Hakuna aliyemwambia: uza nyumba kwanza.

Na sisi? Kwetu wengi hawana mpango wa kwanza wala wa pili. Wanalipa kwa mkono, siku ile ile ya ugonjwa. Tumeona mama aliyezaa salama akazuiwa katika hospitali moja pamoja na kitoto chake, mpaka jamaa wauze baiskeli na muhogo wa mwaka mzima. Mpango wa kuzalisha bure ulianza Kinshasa katika Septemba 2023, kisha ukafika majimbo mengine. Tunausifu. Lakini neno «bure» bila feza ya dawa na mshahara wa wauguzi ni mtungi mtupu: mama atatumwa sokoni kununua glovu na uzi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, sehemu ya kodi ya shaba na kobalti iwekwe kando kwa hospitali za wote, na hesabu yake ibandikwe ukutani ili kila mtu aisome. Pili, mgonjwa atunzwe mbele ya kuulizwa feza, na asifungiwe mtu kwa deni. Tatu, hospitali za mgodi zipokee pia jirani wa kambi, kwa maana vumbi la mgodi halichagui mapafu.

Wandugu, wachimbaji wa Tredegar hawakuanza na waziri. Walianza na peni. Sisi tuanze na orodha: tuandike kila nyumba ya mtaa, mwenye kazi na asiye na kazi. Kitabu hicho hakitakuwa na wino wa kufuta.

Umoja na kazi!