Mwizi Asiye na Jiko: Somo la Ndigana Kali kwa Miradi Yetu ya Ng'ombe

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wahisani, Mpuguso, Wilaya ya Rungwe)





Mradi wa kopa ng'ombe lipa ndama unategemea ng'ombe aliye hai. Adui tunayemwogopa zaidi ni ndigana kali. Ugonjwa huu huletwa na kimelea cha chembe moja, Theileria parva, kinachoenezwa na kupe wa kahawia wanaopenda masikio.

Kimelea hiki kina historia ya ajabu. Babu zake wa kale walikuwa na kiungo kilichotokana na mwani, cha kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mabaki ya kiungo hicho yamo ndani yake hadi leo. Lakini kilipozoea kuishi ndani ya mnyama, kilichokuwa tayari mezani kiliacha kukipika. Kizazi baada ya kizazi, vinasaba visivyohitajika vilipotea.

Mwaka 2005 watafiti, wakiwamo wa taasisi ya ILRI ya Nairobi, walichapisha mpangilio wa vinasaba vyake. Ni takriban 4,000, pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko vya ndugu yake, kimelea cha malaria. Hakiwezi hata kujitengenezea mafuta. Anayekilisha ni ng'ombe wetu.

Hapo ndipo penye udhaifu wake. Aliyebakiwa na njia chache, ukiziba moja hana pa kukimbilia. Dawa ya buparvakwoni huziba njia iliyo katika mitokondria yake, ikitolewa mapema na kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mnyama.

Lakini vimelea havilali. Malaria imetufundisha. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikachukua SP, ambayo huziba njia ya kimelea ya kutengeneza foleti. Vimeng'enya vya njia hiyo vikabadilika. Ni kama mwizi kubadilisha kitasa, ufunguo wetu ukakataa. Mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu.

Ndugu zangu, nakiri kosa langu. Awamu iliyopita nilihesabu bei ya mtamba na banda, sikutenga fedha za tiba. Mama mmoja alinunua nusu dozi, kwa kuwa ndiyo aliyoimudu. Mtamba alikufa, na jirani aliyengoja ndama anangoja hadi leo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila usharika uwe na mfuko wa dawa na wa kuogesha mifugo kabla ya kupokea mitamba. Mfugaji akiona homa na tezi zilizovimba chini ya sikio, amwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Na wahisani wetu, tusaidieni kutoa mitamba wachache waliokingwa, kuliko wengi wa kuzika.