Dhamana ya Gari Lililotumika na Umbali wa Bukoba



Neno dhamana lina kazi nyingi katika Kiswahili. Mshitakiwa hutolewa kwa dhamana. Nyumba huwekwa dhamana benki. Na mtu aliyekabidhiwa ofisi huambiwa kwamba ofisi ile ni dhamana. Katika maana zote hizo yupo mtu anayejifunga, ipo ahadi anayojifunga nayo, na ipo hasara itakayompata akiivunja. Hebu basi iangaliwe dhamana wanayopewa wanunuzi wa magari yaliyotumika, ile ambayo madalali huiita waranti, ionekane kama mambo hayo matatu yamo. Mara nyingi limo moja tu, nalo ni ahadi, tena ya mdomo.

Mtumishi wa Bukoba au Muleba anayenunua gari hanunui anasa. Mvua za Kagera hazina mchezo, na mtu akiacha lami hatua chache tu yumo katika udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Shule na zahanati zimetawanyika vilimani. Fedha yenyewe, aghalabu, ni mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo, unaokatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Makato hayo hayaulizi kama gari linatembea au limelala juu ya mawe uani. Kwa hiyo kasoro inayojitokeza wiki ya pili baada ya kununua ni jambo la miaka kadhaa ya jasho la mtu.

Magari mengi ya aina hiyo hutoka Japani. Huko mwenye gari hulazimika kulipeleka kwenye ukaguzi wa serikali kila baada ya miaka miwili, baada ya miaka mitatu ya kwanza tangu likiwa jipya, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waone heri kuliuza. Gari hupelekwa mnadani likiwa na karatasi inayoonyesha daraja lake, kilomita ilizokwenda, na kama lilipata kugongwa likatengenezwa. Mnunuzi mwenye busara huidai karatasi hiyo kabla ya kuitazama rangi. Aidha, ukaguzi unaosimamiwa na Shirika la Viwango hutazama kama gari linafaa kutembea barabarani kwa usalama. Hakuna mahali ukaguzi huo unapoahidi kwamba giaboksi itadumu hadi mwaka ujao. Wapo wanaouchanganya na dhamana, na hilo ni kosa.

Achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa sekondari wilayani Muleba aliyenunua gari dogo Dar es Salaam. Alilijaribu kwa dakika kumi katika barabara ya tambarare, asubuhi, injini ikiwa imekwisha kupashwa moto na muuzaji mwenyewe. Gari likasafiri zaidi ya kilomita 1,300 kupitia Dodoma, Singida na Biharamulo, likiendeshwa na dereva wa kukodiwa. Kwa siku chache liko salama. Kisha siku moja, likiwa na abiria wanne, linaupanda mlima kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, na mshale wa joto unaruka juu. Maji yanachemka. Mwalimu anasimama kando ya njia na kumwita fundi.

Na hapa ndipo dhamana nyingi za Kagera zinapokufa, si mikononi mwa muuzaji bali mikononi mwa fundi huyo mwenye nia njema. Jambo la kwanza atakalofanya, kwa mazoea ya gereji nyingi za Afrika Mashariki, ni kuing'oa themostati na kuitupa. Themostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, kisha hufunguka. Ikikwama imefungwa, injini huchemka. Ikiondolewa, maji hupita muda wote na mshale hushuka. Mwalimu hufurahi. Lakini injini sasa hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta zaidi, na kama kiini cha ugonjwa kilikuwa rejeta iliyoziba au gasketi ya silinda iliyoungua, kiini hicho kimebaki palepale. Mwezi mmoja baadaye injini inachemka tena, safari hii vibaya zaidi. Mwalimu anampigia simu muuzaji. Muuzaji anauliza swali moja tu: nani alifungua? Kwa kuwa karatasi yake inasema dhamana huvunjika mtu mwingine akiigusa injini, mazungumzo yamekwisha.

Jambo la namna hiyohiyo hutokea kwa taa ya injini kwenye dashibodi. Kompyuta ya gari huhifadhi namba ya kila kasoro inayoiona, na mashine ndogo ya kupimia huzisoma namba hizo. Muuzaji asiye mwaminifu huweza kuzifuta asubuhi ya mauzo, na katika magari mengi hata kuchomoa waya wa betri hutosha. Kompyuta huhitaji safari kadhaa kabla ya kumaliza kujipima upya, ndiyo sababu taa iliyokuwa imezimika Dar es Salaam huwaka gari likiwa limefika Biharamulo. Lakini mnunuzi naye, taa ikiwaka, humwambia fundi aizime. Akishazimiwa amefuta ushahidi wake mwenyewe. Namba zile zilipaswa kusomwa, kuandikwa pamoja na tarehe na kilomita, na kupigwa picha kabla mtu hajagusa kitu chochote.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Inasema kwamba mfanyabiashara ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina fulani, akimwuzia mtu bidhaa hiyo kwa maelezo, huchukuliwa kuwa ameahidi ubora unaostahili biashara, hata asipotamka neno. Ahadi hiyo haimhusu mtumishi mwenzako anayeuza gari lake kwa sababu amehamishwa; inamhusu mwenye biashara. Tena inasema kwamba mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua, na inawaruhusu wahusika kuiondoa ahadi hiyo kwa makubaliano. Ndiyo maana maneno matatu yaliyochapwa chini ya stakabadhi, "limeuzwa kama lilivyo", yana uzito kuliko hotuba nzima ya dalali.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria hiyo inatenganisha sharti na dhamana. Sharti ni mzizi wa mkataba; likivunjwa, mnunuzi aweza kuukataa mkataba. Dhamana ni ahadi ya pembeni. Ikivunjwa, mnunuzi hupata haki ya fidia au ya kupunguziwa bei, wala hapati kwa hiyo peke yake haki ya kulirudisha gari. Na hata sharti hushuka likawa kama dhamana iwapo mnunuzi amekwisha kulipokea gari, yaani amekaa nalo muda wa kutosha bila kusema kitu, au amelifanyia jambo ambalo mwenye mali pekee ndiye angelifanya. Ukimya ni upokeaji. Anayevumilia miezi mitatu kwa kumwonea muuzaji haya, kisha akadai kurudishiwa fedha zote, amechelewa. Kwa upande wa pili, yule mwenye haki ya kukataa na aliyekataa mapema halazimiki kulikokota gari hadi lilikotoka. Sheria inatosheka akimjulisha muuzaji kwamba amelikataa, na kwa mtu wa Kagera hilo si jambo dogo.

Maana umbali ndio kitovu cha habari hii. Dhamana ya yadi ya Dar es Salaam humwambia mnunuzi alete gari kwenye gereji ya yadi. Kwa mkazi wa Temeke ni safari ya nusu saa. Kwa mkazi wa Muleba ni gharama ya kulipandisha gari bovu juu ya lori, ambayo yaweza kuizidi bei ya kipuri chenyewe. Hivyo dhamana ni halali, imepigwa muhuri, na haina faida. Mahali pa kulitatua jambo hili ni mezani, kabla fedha haijatoka, kwa sentensi mbili za maandishi: gari litakabidhiwa wapi, na likiharibika litatengenezwa wapi na kwa gharama ya nani. Makabidhiano yakifanyika Dar es Salaam, kwa kawaida hasara yoyote ya njiani ni ya mnunuzi, pamoja na ile ya dereva wa kukodiwa aliyejaza abiria na mizigo ili apate cha ziada. Yakifanyika Bukoba, muuzaji atamchagua dereva wake kwa makini zaidi. Bei itapanda kidogo. Na ipande.

Muuzaji naye anastahili haki yake. Gari lililotumika halikuuzwa kwa bei ya gari jipya. Matairi, breki, bushi na shokamzoba huisha kwa kutumika, na mnunuzi asiwe mwepesi wa kumdai muuzaji kila kitu kinachogonga. Gari dogo la abiria wanne likipakiwa mikungu ya ndizi mpaka juu ya paa, kisha likapitishwa kwenye mashimo ya barabara ya kijijini wakati wa masika, lisitegemewe kubaki kama lilivyotoka bandarini.

Nchi nyingine zimekwenda mbele katika jambo hili. Uingereza, tangu 2015, humpa mnunuzi wa gari, hata lililotumika, siku 30 za kulikataa likiwa na kasoro iliyokuwapo wakati wa kuuzwa. Na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita, akidai litengenezwe, ni juu ya mfanyabiashara kuthibitisha kwamba haikuwapo. Marekani, tangu 1985, humlazimisha mwenye yadi kubandika kwenye dirisha la gari karatasi inayosema wazi kama linauzwa na dhamana au kama lilivyo. Karatasi dirishani haigharimu kitu. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo hupokea malalamiko ya walaji. Mahakama nazo ziko karibu na mwananchi kuliko yadi ya Dar es Salaam. Lakini tume wala mahakama haitafanya kazi na maneno ya simu. Itauliza mkataba, stakabadhi yenye namba ya chesisi na jina la muuzaji mwenyewe badala ya la dalali, na barua.

Barua hiyo ndiyo kazi ya siku ile ile maji yalipochemka Kamachumu. Mwalimu wa kuandika barua hafundishwi, ila wengi huiandika kwa hasira, wakajaza karatasi kwa lawama na kusahau kilomita. Itaje tarehe ya kununua na tarehe ya kasoro, kilomita zilizosomeka, kilichoonekana na kilichosikika. Iseme kwamba gari limesimamishwa wala halijafunguliwa. Iombe jibu kwa maandishi kuhusu nani atalipima, na itaje siku ambayo, jibu likikosekana, fundi wa Bukoba atalifungua mbele ya shahidi. Inaweza kutumwa kwa simu, madhali nakala inabaki. Muuzaji mwenye jina la kulinda aghalabu hukubali fundi wa karibu, kisha huleta rejeta au pampu ya maji kwa basi, na mwalimu hulipa ufundi. Kwa wote wawili hiyo ni nafuu kuliko lori. Na kile kipuri kibovu kilichotolewa kisipewe fundi wala kutupwa. Kifungwe kwenye mfuko, kiandikwe tarehe, kiwekwe kabatini mpaka muda wa dhamana umalizike.