Mkutubi na Soko la Maarifa: Ufundishaji wa Ujasiriamali katika Vyuo vya Ukutubi vya Afrika Mashariki



Neno ujasiriamali lilienea katika Kiswahili wakati wa soko huria. Limeundwa kwa kuunganisha ujasiri na mali, na muundo wake wenyewe unaelekeza fikra upande mmoja: mwenye sifa hii huthubutu ili apate mali. Mkutubi, kwa upande wake, amepata jina kutokana na kutub, yaani vitabu kwa Kiarabu. Katika mitaala ya leo maneno hayo mawili yamekutanishwa, na swali la mhadhara huu ni kama yamekutanishwa kwa namna inayomfaa mwanafunzi.

Mafunzo ya ukutubi katika eneo hili yalianza kwa kumtazama mwajiri mmoja, yaani serikali. Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Makerere mwaka 1963, wakati Tanganyika na Kenya zilipokuwa zikijenga huduma za maktaba za taifa. Bodi ya Tanganyika iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963 na ya Kenya kwa sheria ya mwaka 1965. Aliyehitimu alijua kwamba rafu zinamsubiri. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha sayansi za habari mwaka 1988, na chuo cha Bagamoyo kilipofunguliwa mwaka 1989, serikali zilikuwa zimeanza kubana ajira chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi. Vyuo viliongezeka wakati mlango wa kazi ukipungua upana.

Jibu lililozoeleka ni kuongeza somo la ujasiriamali. Mwanafunzi hufundishwa kuandika mchanganuo wa biashara, kutunza hesabu na kuomba mkopo. Hayo ni mema, lakini yangemfaa vilevile fundi cherehani au mfuga kuku. Matokeo yake, anapoulizwa atafanya biashara gani, mhitimu wa ukutubi hutaja duka la vifaa vya ofisini lenye mashine ya fotokopi. Kazi hiyo ni halali, ila haihitaji shahada.

Anachokijua mkutubi kuliko watu wengine ni kuyapanga maarifa ili yapatikane. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya maarifa yasiyopangwa imo katika Kiswahili. Hapa ndipo hoja ya isimu inapoingia.

Chukua neno mwalimu. Katika mpangilio wa alfabeti, mwalimu huwekwa chini ya M, walimu chini ya W, na ualimu chini ya U. Msomaji anayetafuta habari za elimu katika faharasa iliyotungwa bila kuzingatia ngeli za nomino atakutana na theluthi moja tu ya anachokitaka. Mashine nayo haina uelewa zaidi: programu inayotafuta mfuatano wa herufi hukipata kitabu na kuviacha vitabu. Anayeweza kutengeneza orodha ya istilahi inayounganisha maumbo haya ana ujuzi wa kuuzika kwa wachapishaji, magazeti na ofisi zenye kumbukumbu nyingi.

Mpango wa Dewey, unaofundishwa vyuoni kote, unaonesha pengo hilohilo. Kiingereza kimepewa 420 nzima. Kiswahili kimo katika 496.392, ndani ya fungu la lugha nyinginezo, na fasihi yake yote katika 896.392. Maktaba yenye mamia ya tenzi, riwaya na tamthilia za Kiswahili inahitaji mtu wa kuipasua namba hiyo kwa busara. Na si vitabu tu. Tangu Tanzania ilipobadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, mawakili wamekuwa na haja ya miongozo na faharasa zinazofuata istilahi za Kiswahili. Aidha, ziko hati za kale za maandishi ya Kiarabu, nyingine zikiwa bado sandukuni katika nyumba za pwani, zikiliwa na mchwa. Orodha ya J.W.T. Allen ya miswada iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970. Kazi ya aina hiyo haijamalizika.

Mtaji wake si mkubwa. Programu ya Koha, iliyotolewa mwaka 2000, hupatikana bila malipo. Kinachokosekana ni mazoezi na lugha. Mwanafunzi aliyefundishwa taaluma yote kwa Kiingereza hushindwa kumweleza karani wa mahakama au imamu wa msikiti kazi anayoiuza ni kazi gani, na asiyeelezeka halipwi. Zoezi lenye manufaa lingekuwa kumpa kitabu cha historia kisicho na faharasa, aitunge, ahesabu saa alizotumia, apange bei, kisha aipeleke kwa mchapishaji na kusikia jibu.

Wapo wanaopinga kwamba maktaba ni huduma ya umma, na kuitia bei ni kumfungia mlango maskini. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, anayepaswa kulipa ni mchapishaji, wakili na kampuni. Msomaji aliyeketi mezani asiguswe. Ujasiriamali ukitumiwa kama kisingizio cha serikali kuacha kuajiri wakutubi, basi wapinzani watakuwa na haki.

Limebaki suala la nani afundishe. Idara za ukutubi hazina wanaisimu wa Kiswahili, na idara za Kiswahili mara nyingi huitazama faharasa kama kazi ya karani. Tasnifu ya mwaka wa mwisho ingeweza kuwa mahali pa kuanzia: mwanafunzi mmoja, wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila idara, na mhariri wa vitabu akiwa mtahini wa nje.