Kusomea Ualimu Ng'ambo ya Busia
(Mazungumzo na vijana wa Migori na Homa Bay baada ya futari)



 Nimeombwa nizungumze na wale wanaofikiria kwenda kusoma nje. Najua mkisikia "nje" mnawaza Uturuki, Malaysia au Madina. Nje yangu mimi ilikuwa Mbale, Uganda. Unatoka Homa Bay alfajiri, unapita Kendu Bay, Kisumu, Busia, ukiliona lile jabali la Tororo ujue unakaribia. Ni safari ya siku moja tu, lakini ni nje, wallahi. Pesa ni nyingine, lugha ni nyingine, hata mitihani ni mingine.

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa mwaka 1988. Wazo lake lilitoka kwenye mkutano wa OIC wa Lahore mwaka 1974, kwamba vijengwe vyuo viwili Afrika: kimoja Niger kwa nchi zinazotumia Kifaransa, na kimoja Uganda kwa zinazotumia Kiingereza. Wasio Waislamu pia wanasoma pale, na wasichana wote wanafunika kichwa, hata yule asiye Mwislamu. Wakenya wengi wamepita pale kusomea ualimu, na mimi ni mmoja wao. Masomo yangu ni Kiswahili na Dini.

Sasa mazoezi ya kufundisha, ile mnaita TP, yaliniangukia mwaka 2014, na Ramadhan mwaka ule ilianza mwisho wa Juni. Kwa hiyo mwezi mzima nilikuwa mbele ya ubao nikiwa nimefunga, katika shule ambayo Waislamu walikuwa wachache sana.

Kilichonitoa jasho si njaa. Ni Kiswahili! Huku kwetu mtoto hukijua kabla ya kuingia darasa la kwanza. Kule darasa zima la Senior Two lilinicheka nilipoandika "Hamjambo". Mzazi mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, kwa nini namfundisha mwanawe lugha ya wezi na askari. Nilipochunguza nikaelewa. Kiswahili Uganda kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za mkoloni, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Watu wa makamo walikisikia mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Utampendeshaje mtu kama huyo kwa ngeli za nomino?

Nikaacha ngeli kwanza, nikaanza na samaki. Nikawaambia, hapa mnasema mukene, kwetu Homa Bay tunasema omena, na ukivuka Isebania ukaingia Tanzania ni dagaa. Ziwa ni moja. Halafu ngege: Mganda anasema ngege, Mjaluo anasema ngege. Wakaanza kuleta wenyewe maneno ya nyumbani kwao tulinganishe. Mwisho wa mwezi hawakuwa mabingwa, la, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Na mjue kwamba mwaka 2022 serikali ya Uganda ilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wanatakikana. Kijana wa Migori mwenye Kiswahili kizuri ana bidhaa mkononi na pengine hajui.

Lingine lililonishangaza ni wasichana kupiga magoti wakimsalimia mwalimu. Mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua mbili. Mimi nimelelewa kwamba magoti ni ya swala. Mwalimu mwenzangu akaniambia kwao ni adabu tu, hakuna ibada pale. Tukaelewana: darasani kwangu wanasimama, na barabarani mbele ya wazazi wao wafanye walivyolelewa. Sikuona haja ya kugombana na mila za watu ambao mchana walikula posho na maharage, na bila kuombwa wakaniwekea sahani yangu hadi jioni.

Kulikuwa na mjadala hosteli kwetu, na huenda nanyi mtaupata. Wengine walisema sisi ni wasafiri, basi tule tutalipa. Sheikh wetu alicheka akasema mtu aliyepanga chumba kwa miezi mitatu na kununua jiko, huyo si msafiri tena. Tukafunga. Na kwa vile nimegusa futari: Mbale jua linazama karibu sawa na hapa Homa Bay, ila Mombasa linatangulia kwa karibu dakika 20. Wanaofungua kwa adhana ya redio ya Mombasa, tafadhalini, angalieni jua la kwenu.

Usiku tukiswali tarawehe tulisikia ngoma za kadodi mtaani. Mwaka ule ulikuwa wa imbalu, maana Wagisu hutahiri vijana wao miaka inayogawanyika kwa mbili. Majirani zetu wa Kuria wanaelewa mambo haya. Mjaluo akijulikana Mbale msimu ule, utani unaanza. Nilikuwa nawajibu kwamba Uislamu ulishaimaliza kazi hiyo Kendu Bay nikiwa mtoto.

Ila siku ambayo sitaisahau ni ndani ya gari pale Tororo. Akina mama wawili wa Kijopadhola walikuwa wakizozana juu ya bei ya ndizi, nami nikashika karibu nusu ya maneno yao. Shuleni tulisoma kwamba Wajaluo walitoka Sudan wakapitia Uganda, tukaandika kwenye daftari, tukasahau. Kumbe kuna waliobaki njiani! Nikawasalimu kwa Kijaluo. Ndizi nilizipata kwa bei ya ndugu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa wazazi mnaouza ng'ombe. Cheti cha Uganda peke yake hakikupi darasa Kenya. Kwa shule za sekondari, TSC imekuwa ikidai C+ kwenye KCSE, na C+ katika kila somo kati ya yale mawili utakayofundisha. Rafiki yangu mmoja aliambiwa na wakala kwamba Uganda "grade si shida". Akasoma miaka mitatu, akahitimu vizuri, akarudi na somo moja lenye C. Hajasajiliwa hadi leo. Anauza vipuri vya bodaboda Migori, na mzee wake bado analipa deni la chama. Kwa hiyo kabla hujalipa hata ada ya fomu, chukua matokeo yako uende ofisi ya TSC iliyo karibu, uwaulize ana kwa ana.

Kuhusu mpaka, tangu Januari 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, pasipoti si lazima. Ila kuvuka ni jambo moja na kukaa kusoma ni jingine. Ukifika, ulizia chuoni kibali cha mwanafunzi wiki ya kwanza.

Dada walioniuliza kuhusu hosteli, tubaki kidogo baada ya tarawehe, na mje na wazazi wenu.