Kumfuga Vunjajungu: Hewa na Maji

Wazee husema amgusaye vunjajungu atavunja chungu, na ndipo lilipotoka jina lake. Leo tuache vyungu, tutazame jambo linaloua vunjajungu wengi wanaofugwa: hewa kavu.

Ngozi ya mdudu huyu haikui pamoja naye. Hana budi kuiambua mara kadhaa, mpaka apate mabawa. Siku chache kabla ya kuambua huacha kula. Usimlazimishe, mwondolee panzi waliobaki, maana akiwa laini waweza kumjeruhi. Kisha hujining'iniza kichwa chini, akateremka polepole kutoka katika ngozi kuukuu. Hewa ikiwa kavu mno, ngozi humng'ang'ania miguuni. Hutoka kilema, au hufa papo hapo.

Kimo cha chombo chake kisipungue mara tatu ya urefu wa mwili wake. Juu funga kipande cha chandarua, apate pa kushikilia na hewa ipite. Nyunyiza maji kidogo pembeni, si juu yake. Matone hayo ndiyo atakayokunywa. Dodoma, wakati wa kiangazi, huenda ukanyunyiza asubuhi na jioni. Tanga au Mombasa hewa yenyewe ina maji, basi mara moja yaweza kutosha. Ukiona kuvu, umezidisha: safisha chombo, ukiache kikauke.

Akishaambua, usimshike wala usimpe chakula siku ile; ngoja mwili ukaze.